Farasi Aliyewapisha Wasioonekana

Nakumbuka alasiri moja ya kiangazi, mwanangu, moshi wa mashamba yaliyochomwa ulikuwa umeshuka kutoka milimani ukafunika ziwa, farasi wetu Kimya alipotoka njiani bila kuambiwa, akainamisha kichwa, akangoja. Mimi ndiye niliyeshika kamba yake. Kushoto kulikuwa na maji, kulia majani, na mbele yetu hapakuwa na mtu wala mbuzi. Lakini masikio yake yalikuwa yakigeuka polepole, kutoka ziwani kuelekea mlimani, kama ya mtu anayesikiliza watu wengi wakipita mbele yake. Walipokwisha kupita, kama kweli walipita, akarudi njiani mwenyewe na tukaendelea kwenda nyumbani. Niliishika kamba kwa mikono miwili, na mimi sikuwa msichana wa kuogopaogopa.

Nakusimulia haya kwa sababu jana nilikusikia ukimsifu yule farasi wako mchanga kwa mnunuzi kwenye simu. Ulimwambia kwamba ameisha kufundishwa, hana neno, akiambiwa nenda anakwenda, akiambiwa ruka anaruka, hajui kukataa. Nilicheka kidogo, halafu nikaacha kucheka. Kaa hapa karibu. Na hiyo simu iweke chini, haina miguu, haitakimbia.

Watu hushangaa hata leo kusikia kwamba Kalemie kuna farasi. Waliletwa na mjomba wangu Kabwe, kaka wa mama yangu. Ujana wake wote aliutumia kutunza farasi kwenye shamba moja la ng'ombe huko Marungu, juu ya Moba, ambako wachungaji huzunguka milima wakiwa wamepanda farasi kwa sababu miguu ya binadamu haitoshi. Alipozeeka, mwenye shamba alimpa majike wawili na dume mmoja badala ya pensheni. Akashuka nao kwa boti, akawaweka karibu na mahali mto Lukuga unapotoka ziwani, kwenye upepo usiowapenda mbung'o. Jike akizaa, Mjomba alimlea mtoto, akamfundisha, akamuuza kwa watu wa milimani. Hakuwa na haraka hata kidogo. Majirani walimtania kwamba farasi wake huuzwa wakiwa wameshaota mvi.

Naye alikuwa na jibu lake moja. "Farasi mwenye hakufundishwa atamuangusha bwana yake," alisema. "Mwenye alifundishwa kupita kiasi, huyo atamuzika."

Mimi niliona ni maneno ya mzee anayependa kukaa na farasi wake. Uniwie radhi, Mjomba, huko uliko.

Mwaka ule ziwa lilikuwa limepanda. Wewe umeyaona maji ya miaka hii, unajua yanavyokuja: hayabishi hodi, unaamka tu na kuyakuta yamekaa mlangoni kama mgeni aliyekosa aibu. Yalikula mtaa mzima wa pwani, na nyumba yetu ikiwemo. Nyuma ya nyumba zetu yalikula makaburi ya zamani, ya babu za babu zetu, ambayo misalaba yake ilikuwa imeoza kitambo. Sisi wenye miguu tulihama na magodoro vichwani. Mimi na Mjomba tukapata kujihifadhi katika jiko la Mama Zaina, mjane aliyekuwa akiuza ndakala, wale samaki wadogo wakavu, kando ya njia. Mjomba alikuwa ameahidi kwamba Kimya akiuzwa tutajenga nyumba juu mlimani. Kwa hiyo nilikuwa naitamani siku ya kumuuza kama mgonjwa anavyoitamani asubuhi, na sioni haya kusema hivyo. Umewahi kulala jikoni kwa mtu, mwanangu? Hata kikohozi chako unakiombea ruhusa.

Kimya alikuwa jike wa rangi ya majivu. Tulimwita hivyo kwa sababu siku aliyozaliwa hakulia, alisimama tu akatutazama. Kwa mafundisho hakuwa na kasoro. Alikubali lijamu kinywani na tandiko mgongoni, alijua kwenda, kukimbia, kusimama, na kurudi nyuma kwa neno moja. Alivuka maji. Treni ikipiga honi, yeye alitikisa mkia tu. Kilichokuwa kimebaki ni pale mahali pamoja, kwenye njia ya pwani, mkabala na nyumba zilizozama. Kila alasiri tulipopita pale, alitoka njiani, akangoja, kisha akarudi.

Mama Zaina hakupata shida kulieleza jambo hilo.

"Wanahama na wao," aliniambia huku akipepeta ndakala zake. "Maji iliwatoa mu nyumba yao sawa vile ilitutoa sisi. Kila siku wanapanda kutafuta fasi ya kulala. Hawapate, wanashuka tena."

"Na kwa nini farasi ndiye anawaona?"

"Sasa unauliza mimi? Uliza farasi."

Alikuwa mcheshi, lakini nilimwona kwa macho yangu. Kimya akisimama, Mama Zaina naye alilivuta beseni lake la ndakala kando ya njia, akafunika kichwa kwa kikwembe, kitenge chake, na kuangalia chini mpaka farasi atembee tena. Akalirudisha beseni, akaendelea na bei zake. Wanunuzi nao walizoea, wakawa wananyamaza kwanza. Nilipomuuliza Mjomba kama ni kweli, hakusema ndiyo wala hapana. Alisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja, halafu akaendelea kusuka kamba. Sikupenda jibu lile wakati ule, na mpaka leo bado silipendi.

Basi mnunuzi akaja. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Alishuka kwenye boti ya Moba, mzee mrefu mwenye kofia ya ngozi, jina lake Papa Mulonda, mwenye ng'ombe wengi huko juu. Alikuja moja kwa moja uani kwetu akitembea kwa madaha, akanyoosha mkono na kusema, "Jambo, Papa Kabwe, siku mingi." Mkono wake ulielekea kwenye koti la Mjomba lililokuwa limetundikwa kwenye nguzo. Mjomba mwenyewe alikuwa ameketi pembeni kidogo. Aliinuka taratibu, akasogea akasimama mbele ya lile koti, akaupokea mkono kana kwamba hapakutokea jambo. Nilitaka kucheka. Mjomba alinitazama jicho la mara moja tu, kicheko kikarudi kilikotoka.

Ndivyo tulivyojua kwamba Papa Mulonda alikuwa anapofuka na hakutaka mtu yeyote ajue. Sababu yake tuliisikia baadaye kwa watu wa boti: wanawe walikuwa wanangoja achoke ili wagawane kundi. Mzee akionekana hawezi tena kuzunguka milimani kuhesabu ng'ombe wake, basi kwisha habari yake, atakaa jikoni na wajukuu. Na mtu mwenye kundi lake akikalishwa jikoni, mwanangu, hufa kabla ya kufa. Farasi wake wa zamani alikuwa amekwisha kuzeeka. Alitaka mwingine wa kumbeba mbele ya wanawe, kichwa juu, kama zamani.

Alimpanda Kimya, akafurahi sana. Uso wake ukawa wa kijana. Kisha wakafika pale mahali, mimi nikifuata nyuma. Kimya akatoka njiani, akainamisha kichwa.

"Kuna nini?" akauliza Papa Mulonda.

"Hakuna kitu, Papa," nikasema, kwa kuwa ndicho nilichokiona.

"Sasa anasimama ya nini?"

Uso wake ukabadilika. Leo namwelewa. Mtu asiyeona, farasi akisimama chini yake bila sababu, atawaambia nini wanawe waliosimama wanamtazama? Atasema kuna nyoka, kumbe ni jani. Atasema hakuna kitu, kumbe ni shimo. Kila kusimama kwa farasi kungekuwa swali ambalo hana macho ya kulijibu.

Waliporudi uani walikaa wakazungumza, mimi nikiwapa maji.

"Farasi ni muzuri," alisema Papa Mulonda. "Lakini mi nataka mwenye hasimame bule. Nikimwambia aende, aende. Umutoe ile ujinga, nitamununua leo."

"Ile haiko ujinga," Mjomba alijibu. "Kwenda, njo mi nilimufundisha. Kusimama vile alizaliwa nako. Nikimutoa ile, nitabakia nimeuzisha gari, si farasi."

"Basi mi mwenyewe nitamunyoosha. Boti itachelewa, niko na wakati. Siku amenyooka, namununua."

Nilidhani Mjomba atakataa. Alifungua kamba ya Kimya, akampa, akasema, "Wewe njo mwenye kumupanda," yaani uamuzi ni wa mpandaji. Mimi moyoni nilikuwa upande wa mgeni. Nilikwisha kuuona ukuta wa nyumba yetu juu ya mlima, nikachagua na mahali pa dirisha. Samaki mkunje angali mbichi, nilijiambia. Farasi mchanga ananyooshwa sasa au hanyooshwi tena.

Papa Mulonda alikuwa na fimbo na alijua kuitumia. Siku ya kwanza Kimya alitetemeka mwili mzima, akajaribu kutoka njiani, akachapwa, akajaribu tena, akachapwa. Siku zilizofuata alijaribu kidogo, kisha kidogo zaidi. Kabla ya juma kwisha alipita. Alipita pale katikati ya njia, shingo imekakamaa, jasho likimtiririka ingawa kulikuwa na upepo. Mimi nilikuwa nyuma yake, na nitakuambia nilichokiona na nilichokisikia, usiniongezee wala usinipunguzie.

Njia ilikuwa tupu. Na Papa Mulonda, juu ya farasi, alikuwa akisalimia watu.

"Jambo. Jambo, Mama. Pardo, munipe njia kidogo." Alikuwa akivuta magoti yake ndani, huku na huku, kama mtu anayepita kwa farasi kati ya watu wanaotoka misa. Alipofika upande wa pili alinigeukia, amekasirika kidogo. "Watu ya hapa hawaitikie jambo?" aliniuliza. "Wananigonga mu magoti na hawaseme kitu."

Nilitazama nyuma. Mama Zaina alikuwa amesimama na beseni lake mkononi, hakuwahi kulivuta safari hii. Ndakala zilikuwa zimemwagika chini zote. Hakuziokota. Alisema polepole, si kwangu wala kwa mgeni, "Wamegongwa," akaingia ndani akafunga mlango. Ulikuwa mchana kweupe, saa za kuuza. Vinyweleo vya mikono yangu vilisimama, na hata nikikusimulia sasa, tazama.

Ningemwambia Mjomba? Nilimwambia. Aliuliza tu kama Kimya alisita. Nilipojibu kwamba hakusita hata kidogo, alifumba macho kama mtu aliyepewa habari ya msiba.

Asubuhi ya siku iliyofuata moshi ulikuwa mzito, ziwa na anga rangi moja. Boti ilikuwa inangojwa, na Papa Mulonda akataka kumpanda Kimya peke yake kwa mara ya mwisho kabla ya kulipa. Sasa sikiliza jinsi mahali palivyokuwa. Njia ya pwani ilikuwa inafika penye mti mkavu, ikagawanyika. Ya juu ilikuwa ndiyo njia yetu mpya. Ya chini ilikuwa barabara ya zamani, ile iliyokuwa ikipita kati ya nyumba zetu, na sasa ilikuwa inashuka taratibu hadi ndani ya maji, kati ya kuta mbili zilizobaki zimesimama, na mbele kidogo ilikatika kabisa kwenye mtaro uliobomoka. Mwenye macho haambiwi tazama. Lakini Papa Mulonda alivuta hatamu mapema, kabla ya mti, akamwelekeza Kimya kwenye ile ya chini.

Kimya wa zamani angesimama. Angetikisa kichwa, angekataa, angemtoa mzee njiani hata kwa kumkasirisha. Huyu wa sasa alikuwa amefundishwa. Akaenda.

Nilikuwa naleta maji kwa bidoni, lile dumu letu. Nikasikia kwato zikigonga mawe, halafu zikigonga maji. Nikaiacha bidoni, nikakimbia. Moshi ulikuwa umewameza wote wawili, sikuona kitu ila zile kuta. Nilimwita, "Papa, simama." Hakunisikia, au alisikia akadhani ninaita mtu mwingine, maana alikuwa tayari anazungumza. Nilisikia sauti yake humo ndani, tulivu, yenye adabu: "Jambo. Jambo, Mama. Jambo, watoto."

Na safari hii, mwanangu, aliitikiwa.

Sitakuambia walisema nini. Haikuwa maneno ninayoweza kuyashika. Ilikuwa kama sauti ya watu wengi ndani ya nyumba, mlango ukiwa umefungwa. Lakini mzee alicheka kwa furaha kama mtu aliyekaribishwa, akasema, "Aksanti, ninaingia," na kwato zikaendelea kwenda mbele.

Mjomba alitokea nyuma yangu. Sijui nani alimwita. Aliniziba mdomo kwa kiganja chake, maana nilikuwa bado napiga kelele. Akavua viatu, akaviweka kando, kama mtu anayefika kwenye nyumba ya heshima, akaingia majini hadi magotini na kusimama kati ya zile kuta mbili. Hakupaza sauti.

"Hodi, wenye nyumba," alisema. "Tunaomba njia. Mugeni yetu haone. Hakuingia kwa mapenzi yake."

Zile sauti zikanyamaza. Hata maji yaliyokuwa yakipiga kuta nikaona kama yametulia.

"Kimya," akasema Mjomba. "Rudi."

Nilikuambia alikuwa amefundishwa kurudi nyuma kwa neno moja. Tulisubiri. Kisha nikauona mkia wake ukitoka kwenye moshi, halafu mgongo, halafu Papa Mulonda amelowa hadi kifuani na kofia haipo. Kimya alirudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, bila kugeuza kichwa, kama mtu anayetoka kwenye chumba cha mkubwa wake. Alipofika pakavu miguu yake ya mbele ikakunjika, akapiga magoti. Nilimkumbatia shingo. Moyo wake ulikuwa unapiga kama wa kuku aliyeshikwa.

Mzee alishuka. Majirani walikuwa wamekwisha kukusanyika, na wote walikuwa wamesikia yale maneno: mgeni wetu haoni. Papa Mulonda alikuwa anatetemeka, sijui kwa baridi au kwa hasira.

"Nani alikuambia mi sione?"

"Ulisalimia koti yangu," alijibu Mjomba.

Mtu mmoja katika wale majirani alianza kucheka akaacha. Papa Mulonda alisimama pale, mrefu, maji yakimchuruzika, kisha akafunika uso kwa mikono miwili akalia. Sijawahi kusahau. Alilia kama mtu aliyebeba mzigo mpaka mlangoni ndipo anaambiwa nyumba siyo.

Mjomba alimkalisha kwenye jiwe, akamvika lile lile koti. Maneno aliyosema yalikuwa ya mzee na yangu pia, kwa sababu aliniangalia mimi zaidi. "Wewe unapoteza macho, na ulitaka farasi mwenye hana macho," alisema. "Wote wawili mungeenda muzuri sana, mpaka fasi ya kufia. Muntu sawa wewe anahitaji farasi mwenye atamukatalia. Na akimukatalia, asione haya. Akae juu yake, aulize kuna nini, angoje jibu. Na wewe Feza, ulifurahi kwa sababu anatii. Punda afe, muzigo ufike, si njo vile? Sasa muzigo ilikuwa nani?"

Niliangalia miguu yangu mpaka nikavijua vidole vyote.

Hatukumuuza siku ile. Boti ilikuja ikaondoka bila Papa Mulonda, naye akatuma neno kwa wanawe kwamba injini ya boti imeharibika. Boti za ziwa hili, mwanangu, zimewasaidia waongo wengi. Mjomba alimvua Kimya lijamu na tandiko. Alisema farasi aliyevunjwa kukataa hafundishwi, anangojwa. Kila alasiri nilimpitisha pale kwa kamba iliyolegea, bila neno na bila fimbo, na Papa Mulonda alitembea kando yake kwa miguu, mkono kwenye manyoya ya shingo. Kila alasiri Kimya alipita tu, shingo imekakamaa, katikati ya njia. Mama Zaina alikuwa ameacha kuuza ndakala. Mlango wake ulikuwa umefungwa saa zile, na usingizi wa jikoni kwake ulikuwa wa mang'amung'amu: tulisikia watu wakitembea nje ya ukuta usiku, tukifungua hatuoni mtu. Nilidhani ndiyo basi, tumeharibu kitu kisichotengenezeka.

Halafu siku moja, bila kishindo, Kimya akasimama. Masikio yakaelekea ziwani. Akatoka njiani, akainamisha kichwa. Papa Mulonda alitoka pamoja naye, akasimama wima kwenye majani, akanong'ona, "Mupite, mupite na amani." Nikasikia mlango wa Mama Zaina ukifunguliwa. Alitazama, akaenda ndani, akarudi na beseni tupu, akaliweka kando ya njia kwa ajili ya kulivuta tu. Tukangoja mpaka wakaisha. Nami sikuogopa tena. Nilifurahi, nikalia.

"Sasa ameisha kufundishwa," Mjomba alimwambia Papa Mulonda. "Muchukue."

Bandarini alikuja mwana mkubwa wa Papa Mulonda, Dezire, aliyechoka na habari za injini. Alikuwa kijana wa maneno machache na macho ya kupima. Boti ilikuwa imejaa, watu wanasukumana, mizigo ya mzee ilikwisha kupakiwa. Nilimleta Kimya hadi kwenye ubao wa kupandia, na pale akasimama. Akarudi nyuma. Watu wakapiga kelele, mabaharia wakatukana, na Dezire akachukua kipande cha mti ili ampige.

Papa Mulonda alimshika mkono, baada ya kuutafuta kidogo hewani.

"Usimupige," alisema, na alisema kwa sauti, mbele ya watu wote wa boti, na wengi walikuwa watu wa milimani kwao. "Mi sione, mutoto yangu. Ni siku mingi sione. Huyu farasi njo macho yangu. Akikataa, na mimi nakataa."

Nilidhani kijana ataona aibu, au atafurahi, kwa kuwa ndilo jambo walilokuwa wakilingoja. Alimtazama baba yake. Kisha akatupa kile kipande cha mti majini, akapanda botini, akaanza kushusha mizigo ya mzee mmoja mmoja, mwenyewe, bila kumpa mtu mwingine. Waliondoka kwa boti iliyofuata, na Kimya aliupanda ubao kama mama mwenye nyumba. Nasikia ng'ombe waligawanywa kweli. Lakini mzee alibakiwa na sehemu yake, akaizunguka milimani juu ya Kimya mpaka alipokufa kitandani mwake, akiwa mzee sana.

Najua unachotaka kuuliza. Ile boti aliyoikataa Kimya ilizama? Haikuzama. Ilifika Moba salama, hakuna aliyelowa hata kiatu. Ila mwanamke mmoja wa sokoni aliyesafiri nayo alituambia jambo baadaye, akishangaa yeye mwenyewe. Boti ilikuwa imejaa mpaka watu wamesimama kwa mguu mmoja, lakini pale katikati, mahali palipoachwa kwa ajili ya farasi, palibaki wazi safari nzima. Hakuna aliyekatazwa kukaa pale. Kila mtu aliyepasogelea alisema pardo, akarudi nyuma, na hakujua amempisha nani.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu, uishike kwa mikono miwili. Unayemlea ili umkabidhi mtu mwingine, awe farasi, awe mwanafunzi wa kazi, awe mtoto wako mwenyewe, mfundishe kwenda na mfundishe kusimama, wala usimwonee huruma ya bure, maana mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Lakini kabla ya kusema ameisha, mwelekeze siku moja mahali pabaya. Mpeleke kwenye shimo, mwambie apite. Akikukatalia, mshukuru, mpe majani, mwite mnunuzi. Akikubali, usimuuze bado, hata nyumba yako ikose bati. Hujamfundisha, umemzima. Na yule mnunuzi mwambie ukweli wote: huyu husimama wakati mwingine, na mimi sijui kwa nini. Kukataa kwake si utabiri. Anakuomba utazame, basi. Mara nyingi hutaona kitu, na bado utakuwa umefanya vizuri kutazama. Kuhusu wewe mwenyewe, kama macho yako yamechoka, sema mapema, tena mbele ya watu. Aibu ya kusema ni ya siku moja, na maji ya ziwa hili hayana haraka.

Nenda sasa, mnunuzi wako anangoja. Mungu akupe mkono unaojua kushika na unaojua kulegeza. Akupe mnyama mwenye masikio, na mwana mwenye kukuambia hapana kwa adabu. Waliotangulia wapate mahali pa kulala, na wakikutana nawe njiani wakupishe, kama nawe ulivyowapisha. Amina.